Umefunga springi fupi na gari linagonga, linavuta au limekaa upande: tafuta chanzo hivi

Gari limeshuka na kwa macho limependeza, lakini likipita kwenye tuta linatoa mlio, au usukani umelala upande, au kona moja imebaki juu. Anayefunga springi fupi kwa mara ya kwanza hukimbilia kusema springi ni mbovu. Mara nyingi springi haina kosa. Ni waya mnene wa chuma uliozungushwa, hauna mengi ya kuharibika ukiwa mpya. Makosa huwa kwenye jinsi ilivyokalishwa, jinsi nati zilivyokazwa, na kwenye vifaa vya jirani vilivyozoea urefu wa zamani. Kwa hiyo pima kwanza, usinunue kitu bado.

Maelezo haya ni ya gari dogo la kawaida lililoshushwa milimita 20 hadi 40. Mbele lina shokapu iliyovikwa springi, ile inayotoka mzima mzima. Nyuma inaweza kuwa hivyo hivyo, au springi na shokapu vikakaa mbalimbali. Gari lenye mifuko ya hewa au shokapu zinazoendeshwa kwa umeme lina utaratibu wake, usilipimie kwa mwongozo huu.

Kabla ya kufungua tena

Springi iliyobanwa ina nguvu nyingi kuliko inavyoonekana. Chukua springi ambayo kila milimita moja ya kuibana inataka nyutoni 25. Ukiibana milimita 150, ndani yake kuna nishati ya karibu jouli 280, sawa na kitu cha kilo 10 kilichoangushwa kutoka karibu mita 3. Kibana springi kikiteleza, nguvu yote hiyo inatoka kwa mara moja. Weka vibana viwili pande zinazoelekeana kabisa, shika mizunguko mingi uwezavyo, na vikaze kwa zamu, mizunguko michache huku, michache kule, kwa spana ya mkono. Usitumie bunduki ya upepo, ile ya kufungulia nati, kwenye kibana, maana inapasha nyuzi moto na kuzila. Uso usiwe kwenye mstari wa springi, juu wala chini. Nati ya juu ya shokapu haifunguliwi mpaka springi iwe imelegea kwenye vikalio vyake na unaweza kuizungusha kwa mkono.

Jeki ni ya kuinulia. Ya kulalia chini yake ni stendi, na magurudumu yaliyobaki chini yawekewe vizuizi.

Sasa vipimo. Egesha mahali pa bapa, upepo wa matairi uwe sawa, pasiwe na mtu wala mzigo ndani. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, uandike. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu tairi lililolika au lenye upepo pungufu litakudanganya. Kama ulipima hivi kabla ya kufunga, una nusu ya majibu tayari. Kama hukupima, anza leo, maana namba hizi utazirudia baada ya kila rekebisho.

Gari halikushuka kama ilivyoandikwa, au limekaa upande

Kwanza endesha kidogo. Gari lililotoka kwenye jeki sasa hivi hukaa juu, kwa sababu matairi yamebanana kwa ndani na hayajateleza kurudi mahali pake. Lisogeze mita chache mbele na nyuma, likandamize kila kona kwa mikono, kisha pima. Springi mpya nazo hushuka tena milimita chache katika kilomita mia chache za mwanzo.

Ikiwa bado liko juu pande zote, chanzo ninachokishuku kuliko vyote ni bushi zilizokazwa gari likiwa hewani. Hili ndilo kosa la wanaoanza linalojificha vizuri kuliko mengine, kwa hiyo tulitazame kwa karibu. Bushi ya wishiboni, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, ni mpira ulioshikamana na bomba dogo la chuma kwa ndani na jingine kwa nje. Bolti inapokazwa, bomba la ndani linabanwa na halizunguki tena. Wishiboni inapopanda na kushuka, kinachojipinda ni mpira wenyewe. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia, mpira unalichukua lile ning'inio kuwa ndiyo mapumziko yake. Ukishusha gari chini, wishiboni inapanda na mpira unabaki umejisokota saa zote, unalisukuma gari juu. Dalili zake ni tatu: gari liko juu milimita kadhaa kuliko linavyopaswa, kuna mlio wa kwiii kwenye matuta ya polepole, na baada ya miezi mpira unaanza kuchanika ukiuangalia kwa tochi.

Tiba haina gharama. Legeza bolti zote zenye bushi, mbele na nyuma, kiasi cha nusu mzunguko, magurudumu yakiwa yamebeba uzito. Pandisha gari kwenye ngazi za magurudumu ili ufikie chini. Kama huna, liweke kwenye stendi, kisha inua wishiboni kwa jeki taratibu mpaka kipimo cha katikati ya gurudumu hadi fenda kilingane na kile cha gari likiwa chini. Ukiona mwili wa gari unaanza kuinuka kwenye stendi, acha hapo. Sukuma-sukuma kona, kisha kaza kwa spana ya kupimia ukazaji, kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari. Watu wengi wakifanya hivi gari linashuka lenyewe mbele ya macho yao.

Ikiwa ni kona moja tu iliyo juu, angalia ncha ya springi. Kikalio cha chini kina ngazi, na ncha ya waya inatakiwa ikae ndani ya mfereji, karibu na ile ngazi, isizidi kama milimita 10 mbali nayo. Ikipanda juu ya ngazi, kona ile inainuka na springi inalala upande. Mpira wa kikalio uliokunjwa au uliosahaulika upande mmoja huleta tofauti ile ile.

Baada ya hapo soma namba za springi. Baadhi ya seti zina springi ya kulia na ya kushoto zenye namba tofauti, maana gari halina uzito sawa pande zote. Na karibu kila seti ina tofauti ya mbele na nyuma. Maandishi yaliyochapwa kwenye springi kwa kawaida husomeka wima springi ikiwa imekaa sawa, kwa hiyo maandishi yaliyopinduka ni ishara ya kuangalia tena karatasi ya seti.

Tofauti ya milimita 5 kati ya kulia na kushoto isikunyime usingizi, magari mengi yalitoka nayo kiwandani. Ikizidi 10 na ncha zimekaa vizuri, fungua linki (vijiti vifupi) za stabilaiza, fito inayounganisha kulia na kushoto ili gari lisilale kwenye kona, pande zote mbili na upime tena. Tofauti ikipotea, stabilaiza au linki moja ndiyo inayolipinda gari. Ikibaki, badilishana springi kulia na kushoto, kama namba zake ni sawa. Tofauti ikihama pamoja na springi, ni springi kweli. Isipohama, kosa liko upande wa gari: kikalio, bushi au hata mwili uliowahi kugongwa.

Sauti

Usiseme "linagonga" ukaishia hapo. Jiulize linagonga wakati gani.

*Teng! unapokata usukani gari likiwa limesimama.* Springi ya mbele inatakiwa kuzunguka pamoja na gurudumu, juu yake kukiwa na beringi. Mwombe mwenzako akate usukani taratibu, wewe weka kiganja kwenye mzunguko wa springi kwa upande wa nje. Usiingize kidole kati ya mizunguko. Springi nzima utaihisi ikifuata usukani kwa utulivu. Yenye tatizo inagoma, inajipinda, kisha inaruka kwa mshtuko na ndipo mlio unatoka. Beringi imefungwa kichwa chini, imekauka, au washa yake ilibaki sakafuni ulipokuwa unaunganisha. Usukani nao huwa mzito na haurudi wenyewe baada ya kona. Sababu ya pili ni ile ncha iliyokaa nje ya ngazi: inajivuta, kisha inarukia mahali pake.

*Ko-ko-ko kwenye vijiwe vidogo, mwendo mdogo.* Anza na linki za stabilaiza. Zifungue zote mbili, zifunge pembeni zisiguse kitu, uendeshe polepole sehemu tulivu. Gari litalala zaidi kwenye kona, kwa hiyo usikimbie. Sauti ikipotea, linki ndizo. Huenda boli ya linki ilikuwa inazunguka pamoja na nati, ukadhani umekaza kumbe unazungusha tu. Ishike boli kwa spana ya pili au kwa spana ya L, kulingana na ilivyochongwa. Wala usijaribu kufunga linki upande mmoja ukiwa umeinua kona moja tu. Stabilaiza itakuwa imejipinda na bolti haitaingia kwenye tundu bila kulazimishwa.

Sauti isipopotea, panda juu kwenye nati ya shokapu. Fungua boneti, weka vidole juu ya mauntingi, kile kishikio cha juu cha shokapu kwenye mwili wa gari, mwenzako atikise kona. Mgongano mdogo utausikia kwenye vidole kabla ya masikio. Nati hii huharibiwa sana na bunduki ya upepo: fimbo ya shokapu inazunguka pamoja na nati, nati inaonekana imekaza na kumbe haijafika, na sili ya mafuta inasagika kwa zile mbio. Fimbo ishikwe kwa spana ya L, nati ikazwe kwa mkono. Kuna hila nyingine: washa zikipangwa vibaya, nati inafika mwisho wa nyuzi kabla ya kubana mauntingi. Hapo ukazaji unasoma sawa kabisa, na bado kuna mchezo. Pangilia upya kwa kulinganisha na mchoro, au na upande wa pili kama hujaufungua bado. Ndiyo maana ni busara kufungua upande mmoja kwa wakati mmoja.

*Mlio mmoja wa chuma ukikanyaga au ukiachia breki.* Kuna bolti kubwa inayocheza, ama ya wishiboni ama ile ya kuunganisha shokapu na habu, kipande kinachobeba gurudumu. Zungusha tochi kando ya kichwa cha bolti. Ukiona mduara unaong'aa kama umepigwa msasa, sehemu ile inateleza. Kaza kwa namba, halafu rudi kwenye alaimenti, upimaji na upangaji wa pembe za magurudumu, maana pembe zimeshahama. Nati za kujifunga zenyewe, zile zenye pete ya plastiki au mdomo uliobanwa, hununuliwa mpya. Zikitumika mara ya pili, zimeshapoteza mshiko.

*Mkwaruzo wa kra-kra gari linapozama.* Springi nyingi za kushushia zina mizunguko iliyokaribiana upande mmoja, na mizunguko hiyo hugusana inapobeba mzigo. Kugusana huko kumekusudiwa. Utaona mistari iliyochubuka rangi kwenye mizunguko. Vika bomba laini la mpira la springi kwenye mizunguko hiyo, baada ya kupaka rangi pale palipochubuka ili kutu isianze.

*Kelele gari linaponyanyuka, kwa mfano likishuka upande wa pili wa tuta.* Hii ichukue kwa uzito. Inua gari mpaka gurudumu lining'inie, shika springi, izungushe. Ikizunguka na kucheza juu chini, ni fupi mno kwa urefu wa shokapu iliyopo. Springi inatakiwa ibaki imebanwa kidogo hata gurudumu likiwa hewani kabisa. Inayocheza inaweza kutoka kwenye kikalio, na hakuna kipande cha mpira cha kujazia nafasi kitakachotibu hilo kwa usalama. Inahitaji shokapu fupi iliyotengenezwa kwa kushuka huko, au springi nyingine.

Linadunda, au linagota kwa kishindo

Tenganisha mambo mawili. Kudunda ni gari kuendelea kupanda na kushuka baada ya tuta kupita. Kugota ni kishindo kimoja kizito, dhu, gari linapofika chini ya safari yake.

Kudunda ni kazi ya shokapu. Springi fupi huwa ngumu kuliko za awali, na shokapu iliyopangwa kwa springi laini haiwezi kuituliza ile mpya, hasa ikiwa imeshatembea sana. Kandamiza kona kwa uzito wako wote uachie: ipande mara moja, itulie. Ikirudi chini na kupanda tena, shokapu imechoka. Angalia pia mafuta. Ukungu mwembamba wenye vumbi kwenye shingo ya shokapu si hoja, lakini mafuta yanayotiririka hadi chini maana yake sili imekufa. Shokapu iliyokuwa inavumilika na springi laini hufichuka wiki ya kwanza ya springi ngumu, ndipo springi inalaumiwa. Zibadilishwe mbili mbili za ekseli moja.

Kugota kunahitaji ushahidi. Chukua kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, ifunge kwenye fimbo ya shokapu, ibane kiasi cha kuteleza kwa kusukumwa, kisha ishushe mpaka iguse kichwa cha shokapu. Endesha njia unayoizoea, rudi uangalie. Kama kava la vumbi linazuia, lisogeze juu kwa muda. Pale kamba iliposukumwa ndipo kichwa cha shokapu kilipofika. Ikiwa imesukumwa hadi kwenye mpira wa kugotea na kuuminya, unatembelea mpira. Sasa hesabu: gari lililokuwa na milimita 60 kabla ya kugusa mpira, ukilishusha 35, limebakiwa na 25. Mtu mmoja nyuma na shimo dogo vinatosha kuzimaliza.

Baadhi ya seti zinaagiza mpira wa kugotea ukatwe kwa urefu fulani, nyingine zinakuja na mpira mfupi ndani ya boksi. Fuata kipimo cha karatasi. Mpira huwa na ncha nyembamba na kitako kinene. Ncha nyembamba ndiyo inayoanza kuminywa kwa ulaini, kwa hiyo ukiiondoa, mguso wa kwanza unakuwa mgumu ghafla. Na kamwe usiuondoe wote. Bila mpira, pistoni itagonga vali za chini ndani ya shokapu, au tairi litafika kwenye mwili wa gari kabla ya kitu kingine chochote kulizuia.

Hapa inafaa kusema juu ya kukata springi za awali kwa grainda, njia inayoonekana rahisi. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ikikatwa mmoja inakuwa ngumu kwa asilimia 20, hilo si baya peke yake. Ubaya ni kwamba ncha iliyokatwa hailingani tena na umbo la kikalio, na springi inakuwa fupi kiasi cha kucheza gurudumu likining'inia. Kuipasha moto ili ilale ni hatari zaidi: ule ugumu iliopewa kiwandani unaondoka pale ulipopasha, na itaendelea kushuka au ivunjike. Ukikuta gari lako limefanyiwa hivyo, toa springi hizo kabla ya kuhangaika na dalili nyingine.

Usukani umelala, gari linavuta, matairi yanalika

Gari likishuka, pembe za magurudumu zinahama zenyewe, hata kama hukugusa bolti ya alaimenti. Juu ya gurudumu kunaingia ndani kidogo, ndiyo kemba, na pua za matairi zinafunguka nje au zinajifunga ndani, ndiyo tou, kutegemea mahali tairodi, fito ya usukani inayogeuza gurudumu, ilipo. Wengi wanaogopa kemba kwa kuwa inaonekana kwa macho. Tou haionekani, nayo ndiyo inayokula tairi haraka. Gurudumu lililopotoka robo tu ya digrii, kila kilomita moja ni kama limeburutwa mita 4 na ushee kwenda upande.

Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi, kutoka nje kuelekea ndani, kisha urudi. Ukihisi laini kwenda na makali kama meno ya msumeno kurudi, hiyo ni tou. Ukingo wa ndani ukiisha taratibu bila meno ni kemba. Meno na ukingo wa ndani kwa pamoja ni vyote viwili, na ndiyo hali ya kawaida ya gari lililoshushwa likaendeshwa bila alaimenti.

Peleka gari kwenye alaimenti likishatulia kwenye urefu wake na bushi zikishakazwa ipasavyo. Ukienda kabla ya kurekebisha bushi, utalipia mara mbili. Usisubiri hadi safari ndefu ipite. Waambie wapime magurudumu yote manne, na uombe karatasi yenye namba za kabla na baada. Kwenye magari mengi ya shokapu za mbele, tou inarekebishika lakini kemba haina pa kurekebishia. Hapo hutumika bolti za kemba zenye tumbo la pembeni, zinazoingia pale shokapu inapofungwa kwenye habu.

Lakini kabla ya kuzinunua, angalia kemba ya kulia na ya kushoto. Ikiwa zinatofautiana kwa zaidi ya nusu digrii na gari linavuta, huenda ni ufungaji tu. Matundu ya bolti hizo yana nafasi kidogo, na ukikaza upande mmoja gurudumu likiwa limeegemea ndani na wa pili likiwa limeegemea nje, umejitengenezea tofauti. Legeza zote, sukuma sehemu ya juu ya kila gurudumu kuelekea nje, kaza likiwa hapo. Ukifungua shokapu siku nyingine, chora mstari kwa msumari kuzunguka kichwa cha bolti na ukingo wa shokapu, urudishe pale pale.

Usukani uliolala huku gari linakwenda wima maana yake tairodi za kulia na kushoto hazijagawana sawa, na alaimenti inamaliza. Gari linalovuta hata baada ya alaimenti, badilishana matairi ya mbele kulia na kushoto, kama si yale yenye mshale wa kuzungukia. Mvuto ukihamia upande wa pili, ni tairi.

Kwenye gari lenye ekseli nzima nyuma inayoshikwa na fito moja ya kukingama, utaona tairi moja la nyuma limechomoza na jingine limeingia. Fito ile inazunguka kama mkono wa saa, kwa hiyo gari likishuka inaisukuma ekseli upande. Ekseli ikihama milimita 4 tu, tofauti ya kulia na kushoto inasomeka 8. Dawa ni fito inayoongezeka na kupungua urefu.

Tairi linasugua

Tafuta alama kabla ya kukata kitu. Paka chaki nzito kwenye ukingo wa fenda na kwenye plastiki ya ndani, endesha, kata usukani wote kulia na kushoto, pita kwenye tuta ukiwa na abiria. Chaki iliyofutika ndiyo jibu. Ikifutika kwenye plastiki ya ndani pekee, mara nyingi ni klipu iliyoachia wakati wa kazi. Ikifutika kwenye mdomo wa fenda, tazama rimu. Rimu iliyochomoza nje au iliyowekewa spesa, kile kipande cha kuisogeza nje, haiendani na kushuka huku, na kuondoa spesa ni rahisi kuliko kukunja fenda. Ikiwa ni ndani, kwenye shokapu au kwenye kikalio cha springi, acha kuendesha, ukuta wa tairi unachanwa hapo.

Mtetemo, breki na taa

Mtetemo unapokanyaga mafuta, unaopotea ukiachia, mara nyingi unatoka kwenye jointi ya ndani ya drevu shafti, mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, ambayo sasa inafanya kazi kwa pembe nyingine. Kama gari limeshuka kiasi tu na mtetemo ulianza siku ile ile, kuna uwezekano habu iliachwa ikining'inia nje wakati wa kazi na shafti ikavutwa mpaka jointi ikatoka kwenye kikombe chake. Tazama buti yake, mfuko wa mpira unaoifunika: imevutika, imepasuka, au inavuja grisi. Habu ifungwe kwa waya kila shokapu inapotoka. Mtetemo unaofuata spidi bila kujali mafuta ni balansi, au kutu kati ya rimu na habu.

Taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge kwenye breki, ikiwaka, fuata waya wa sensa kutoka habu kwenda juu. Huwa umesahaulika nje ya klipu na kuvutwa. Paipu ya breki nayo iangalie kwa usukani uliokatwa pande zote: isijisokote, isiguse tairi.

Gari la zamani au la mizigo linaweza kuwa na vali ya breki ya nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa mkono mdogo. Vali hii inapima mzigo kwa kuangalia jinsi gari lilivyozama. Ukilishusha, inadhani limepakiwa, inaongeza breki nyuma, na magurudumu ya nyuma yanajifunga mapema kwenye lami iliyolowa. Lazima mkono wake urekebishwe kwa utaratibu wa kitabu cha gari. Mkono wa sensa ya urefu wa taa kubwa una hadithi hiyo hiyo: nyuma pakishuka kuliko mbele, mwanga unapanda machoni mwa wanaokuja. Gari lenye kamera ya kusoma mistari ya barabara linataka kamera ipangwe upya kama mtengenezaji anavyoagiza.

Kama bado

Kaza tena nati za magurudumu baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa namba ya gari lako. Magari madogo mengi huwa kati ya nyutonimita 90 na 120. Wakati huo huo pitia nati ya juu ya shokapu, linki na bolti za habu.

Usiendelee kuendesha kabisa ukikuta springi inacheza gurudumu likining'inia, tairi linagusa shokapu, bolti ya wishiboni imelegea, au paipu ya breki imesuguliwa.

Ukishapitia yote na dalili ipo, rudisha springi za awali ulizozihifadhi, zikiwa na alama ya kona zilikotoka, ukaze bushi gari likiwa kwenye urefu wake, upime tena kona nne na kuendesha njia ile ile. Dalili ikiondoka, springi ulizonunua haziendani na gari hilo au na shokapu zake. Ikibaki, ilikuwepo kabla hujagusa spana, na sasa unajua itafutwe wapi.